Jina Juu ya Gunia

Mama aliamini kwamba jeshi haliwezi kumlisha mtoto wa mtu. Hakulichukia jeshi. Aliona tu kwamba watu wanaopika kwa mapipa hawajui kipimo cha chumvi, na mdogo wangu, tangu utoto, alikuwa mtu wa kusukuma sahani pembeni kwa sababu ya chumvi. Kwa hiyo muda wote aliokuwa kwenye mafunzo tulimtumia vifurushi, kila mwezi kimoja. Kituo chao kilikuwa upande mwingine kabisa wa nchi, mbali kuliko Kisangani, mahali ambapo sijawahi kufika na sina hamu ya kufika.

Mama na mimi tulikuwa tunakaa Mudzipela, hapa Bunia, katika vyumba viwili vya kupanga. Zamani tulikuwa na nyumba yetu upande wa Iga Barrière, lakini iliungua na kila kilichokuwa ndani mwaka tulipokimbia vita. Baba alikufa tukiwa wadogo. Kaka yetu mkubwa alikufa hapa Bunia kwa homa ya matumbo, miaka miwili kabla mdogo wetu hajaingia jeshini. Nayasema haya haraka kwa sababu ndivyo nilivyozoea kuyasema. Mtu akiniuliza namjibu kama nimeulizwa bei ya kitenge, kisha naendelea kukunja vitenge vyangu.

Siku mdogo wangu alipoondoka hakukuwa na maneno mengi. Redio ilikuwa imetangaza kwamba jeshi linaandikisha vijana, naye alikuwa amemaliza mwaka mzima akiendesha pikipiki ya mtu mwingine na kumletea huyo mtu faida. Mama hakulia. Alimuuliza kama ana soksi. Jioni alipika chakula cha watu watatu, tukala wawili, kilichobaki kikaenda kwa mbwa wa jirani.

Wiki chache baadaye mdogo wangu alinipigia kwa simu ya kuazima. Vifurushi aliviita colis, na mimi aliniita yaya, dada mkubwa, kama ilivyo kwetu.

"Yaya, mukituma colis, musiandike jina yangu. Hapa hawanijue na ile jina."

"Wanakujua na gani?"

Akataja jina la kaka yetu.

Kadi yake ya mpiga kura ilikuwa imeungua pamoja na nyumba, na kwetu mtu asiye na kadi hiyo hatambuliki kwenye ofisi yoyote. Kutafuta nyingine kungemchukua muda, na wenzake walikuwa wanaondoka. Kadi ya marehemu, aliyokuwa nayo mfukoni siku tulipokimbia, ilikuwa ndani ya sanduku la mama, chini ya nguo. Wale wawili walifanana sana, hasa katika picha mbaya za kadi zile. Basi akaichukua.

"Usimwambie mama," alisema. "Nikimaliza formation ya jeshi, nitatengeneza ile jina."

Nikamwambia sawa. Sikukasirika, sikuogopa. Nilichofikiri ni kwamba angalau ile kadi imepata kazi, maana mimi mwenyewe wakati ule kichwa changu kilikuwa kimelala.

Lakini kulikuwa na shida moja. Tangu matanga ya kaka yetu yaishe, mama hakulitaja tena jina lake. Akilazimika alisema "ule mukubwa," na sauti yake ilishuka kidogo. Mtu mwingine akilitaja, mama aliondoka kwenda kuangalia moto, hata kama moto haujawashwa. Ndiyo maana kazi ya kuandika jina niliifanya mbali naye.

Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi tulifunga mzigo uani. Mama alichambua samaki wadogo wa Ziwa Albert juu ya ungo, akitoa mchanga na vichwa vilivyovunjika, akiwalaumu wavuvi, jua, na mwanamke aliyemuuzia. Alikaanga karanga, mimi nikazisaga. Unga wa muhogo aliuchekecha mara mbili. Samli alipewa na mama mmoja wa kanisani mwenye ng'ombe, akaifunga ndani ya kibidoni na kukizungushia kitambaa. Sabuni ilisafiri peke yake katika plastiki tatu, kwa sababu mama alisema samaki wenye harufu ya sabuni hata adui asipewe. Mwisho nilishona mdomo wa gunia kwa sindano kubwa na uzi wa nailoni, tukalifunga nyuma ya pikipiki ya kukodi, nikaenda.

Kwenye ofisi ya mizigo tu ndipo nilipotoa kalamu ya wino mzito na kuandika jina la kaka yangu, kwa herufi kubwa. Mara ya kwanza nilijiandaa. Nilidhani nitahitaji kukaa. Hakuna kilichotokea. Niliandika kama anayejaza daftari la mahudhurio.

Mpimaji wa mizigo, mtu wa kupenda mazungumzo, alisoma jina na kuuliza: "Huyu ni bwana yako?"

"Ni kaka yangu."

"Kaka yako anakula sana."

"Anakula," nikamjibu.

Nikirudi nyumbani mama aliniuliza kila mara, "Umeandika jina yake muzuri?" Nami nilijibu kwamba nimeandika. Herufi zangu kweli ni nzuri, wote wanasema.

Kule mbali mzigo ulipokelewa na mwanamke anayekaanga mikate nje ya geti la kambi. Makuruta wote walimwita mama. Alinitumia sauti kwenye simu: "Colis ekomi, yaya," kwa Kilingala chake, na nyuma yake nilisikia mafuta yakichemka. Yaani imefika, basi nikamwambia mama imefika. Jumapili zingine mdogo wangu mwenyewe alipiga. Alisema chakula kinaisha siku hiyohiyo, kwamba wenzake wanamzunguka kabla hajakata uzi, na kwamba mmoja wao aliapa kuja Bunia kumwoa mama yetu kwa sababu ya zile karanga. Mama alimwita mjinga. Mwezi uliofuata aliongeza karanga mpaka gunia likakataa kufungwa.

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Siwezi kusema tulikuwa na furaha, lakini mwezi ulikuwa na umbo. Tulijua kila Jumamosi ya mwisho tutafanya nini, na mimi sikuhitaji zaidi ya hapo.

Kisha ukaja ujumbe wa mama wa mikate usiokuwa na kelele za mafuta. Alisema colis imechukuliwa na rafiki. Mdogo wangu mwenyewe alikuwa infirmerie, zahanati ya kambi, kwa homa kidogo tu. Nilimwambia mama kwamba colis imefika. Homa kidogo, kwetu, nani hana? Nikarudi kumpimia mteja kitambaa.

Jumamosi iliyofuata, ya mwisho wa mwezi, tulikuwa uani na ungo wetu. Simu ya mama ilikuwa imeharibika sikio, kwa hiyo ilipolia aliipokea kwa spika na kuiweka juu ya kinu. Mpigaji alikuwa mwanaume mwenye Kiswahili cha watu wa Lingala, mpole, anayesoma kila neno kwanza kabla ya kulitoa.

"Mama, bonjour. Niko napiga toka camp." Akataja jina la kaka yetu, lote, na la baba na la babu. "Weye ni mama yake?"

Mama aliacha samaki. Nilidhani atainuka.

"Ndiyo," akasema. "Alikuwa mutoto wangu."

"Mama, ujikaze. Mutoto wako amekufa."

"Najua, papa. Siye tulisha kumuzika. Sasa inaenda miaka tatu."

Nyuma ya yule mtu mlango ulifungwa.

"Mama, unasema nini?"

"Nasema mumekosea mutu. Mutafute muzuri."

Akakata simu, akafuta kidole chake kwenye kitenge, akaendelea kuchambua. Mimi nilikuwa nimeshika mchi. Niliangalia unga wa karanga kwenye mikono yangu na nikawaza kwamba bado haujalainika. Hilo ndilo nililowaza, na sitalipamba.

"Masikini," mama akasema. "Iko mama fulani wanamutafuta, na wanatupigia siye. Chukua ile simu, uwarudilie. Uwaambie waulize vizuri. Asije huyo mama akapata habari mu njia, kwa watu."

Nikaichukua simu. Mama aliniangalia kwa huruma ambayo haikuwa yangu. Ilikuwa ya yule mama mwingine.

"Mama," nikasema, "mutoto alienda na carte ya ule mukubwa."

Hakuelewa upesi. Nilimwona akitafuta: sanduku, nguo, kadi. Kisha mikono yake ikasimama ndani ya samaki.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Na ku colis?"

"Nilikuwa naandika ile jina."

Simu ikalia mkononi mwangu, namba ileile. Mama akasema, "Pokea." Nikapokea, nikasema ndiyo, ni siye, tulikosea sisi. Yule mtu alinieleza polepole. Homa ilipanda kichwani, siku tatu, hawakuweza kumwokoa. Wamemzika kule kwa heshima zote. Nikamshukuru. Ni kweli, nilimshukuru kabisa, nikamtakia kazi njema.

Nilipogeuka, mama alikuwa amemaliza ungo. Alikuwa anamimina samaki ndani ya mfuko, kisha unga, kisha karanga zangu zisizolainika, na kila kitu alikiweka mahali pake pa siku zote.

"Mama, acha."

"Shona."

Nikashona. Majirani walikuwa bado hawajui, uani hakukuwa na mtu, na jua lilikuwa la kawaida. Sikuwa na machozi. Nilikuwa na uzi na sindano, nikazitumia.

"Lete kalamu yako," akasema. "Leo utaandika hapa, nione."

"Niandike jina gani?"

"Yake. Ile nilimupa mimi."

"Kwa ile jina hakuna mutu atapokea, mama. Kule hawaijue."

"Najua."

Akapiga magoti, akalishika gunia kwa pande mbili na kulivuta ili kitambaa kinyooke. Nikainama. Nilifika herufi ya tatu, nikashindwa kuona. Mama aliningojea pale chini, bila kuachilia gunia, mpaka nilipoweza kuandika ya nne.