Taleri Iliyooshwa kwa Dawa ya Meno

Yule mzee anayenunua sarafu za kale katika soko la Jumamosi pale Celle, Ujerumani, hushika sarafu ukingoni tu, kwa vidole viwili, kama mtu anayetoa nzi kwenye maziwa. Ukigusa uso wa mfalme uliochongwa juu yake, atakufokea mpaka muuza soseji wa meza ya jirani ageuke. Ottilie alimletea taleri, sarafu ya kale ya Kijerumani, ya fedha ya mwaka 1838, aliyoachiwa na marehemu mumewe. Wiki iliyopita mzee alikuwa ameiona, akaahidi bei ya kutosha kununua jiko jipya la kupasha nyumba joto kabla ya baridi. Leo aliifungua kutoka kitambaani, akainusa.

“Bibi, nani kaiogesha hii?”

“Mimi, kwa dawa ya meno. Ilikuwa nyeusi tii kama sufuria!”

“Weusi ule ndio unaolipiwa! Miaka mia na themanini, wewe umeimaliza asubuhi moja!”

Ottilie akatafuta pa kukaa. Jiko ndiyo basi tena. Mzee alinung'unika, akapenga kamasi, kisha akamlipa bei ile ile. Halafu, yeye huyo huyo, akampapasa mfalme usoni kwa dole gumba lenye mafuta ya soseji, akaitumbukiza taleri mfukoni kwenye vumbi la tumbaku.

“Itakuwa nyeusi tena,” alisema. “Mimi sina haraka.”