Penseli Isiyopakwa Mafuta

Ulikuwa ule mwaka wa mihogo. Unga ulipanda bei ukatutoka mkononi, na hapa Kaloleni kila nyumba ikajifunza kuchemsha mihogo: asubuhi kwa chai ya rangi, jioni kwa sukuma wiki. Ugali tulikula Jumapili, kama watu wanaokula keki. Chapati tulizionea matangani. Mwaka huo ndio mjukuu wangu alifika gredi ya sita, na mimi nikaambiwa nimemkana Yesu mbele ya wazazi wote.

Mimi ni mtu wa kanisa. Nimevaa sare ya akina mama tangu mume wangu akiwa hai, akifanya kazi reli, na wimbo ukianzishwa vibaya mimi ndiye huuokota. Sikusoma sana. Nilifika darasa la tatu nikatolewa nikalee wadogo zangu. Lakini sauti nilipewa, na watoto nimelea, wangu na wa watu, na hakuna aliyelala njaa kwangu. Hilo nalisema bila aibu.

Huyu mjukuu ni Mwislamu. Binti yangu aliolewa na muuza mapazia wa Eastleigh, kijana mpole, aliyevua viatu mlangoni hata nikimwambia sakafu yangu ni simiti tu. Figo zilipomwangusha, mimi ndiye nilimpelekea uji hospitalini. Aliniomba kitu kimoja. "Mama, mtoto asitolewe katika dini yangu." Nikamwambia hatatolewa. Akafa. Binti yangu akaenda Uarabuni kufanya kazi za nyumba, na mtoto, hata meno hajaota, akabaki na mimi.

Sijazoea hata kumbeba, mchungaji wetu akaja kunywa chai. Akamtazama mtoto, akasema, "Mama, huyu tumbatize Jumapili. Babake hayupo, nani atauliza?"

Nikamwambia, "Mtoto ana dini ya babake. Mimi nampikia, simbatizi."

Alicheka, akamaliza chai, akaomba kikombe kingine. Tukabaki marafiki.

Na nikampikia kweli. Ramadhani ikifika naamka kabla ya adhana nimpashie daku. Alipokua akaanza maneno: "Shosho, na wewe funga basi."

"Mimi nikifunga, nani ataonja chumvi ya futari yako?"

Jumamosi nampeleka madrasa, Jumapili naenda kwangu. Hakuna aliyekufa kwa hilo.

Shule yao ni ya serikali, lakini mfadhili ni kanisa letu. Kanisa lilitoa kiwanja zamani, serikali inalipa walimu, na sherehe ikiwapo, mchungaji yuleyule ndiye anakuja kuomba. Somo la dini likifika, watoto Waislamu walikuwa wakienda darasa la mwisho kusoma na ustadhi. Mwaka huo ustadhi akaacha kuja. Wakawa wanakaa tu nyuma kwenye somo la Wakristo, na mjukuu wangu akarudi nyumbani anawajua mitume kumi na wawili kunishinda. Sikulalamika. Kusikia si kuamini.

Kilicholeta maneno ni maombi ya mtihani. Kabla ya mtihani wa taifa wazazi huitwa shuleni. Penseli, rula na vifutio vya watoto huwekwa pamoja kwenye beseni mbele, mchungaji huvipaka mafuta, kisha kila mtoto huenda mbele kuchukua chake, mzazi akiwa amemwekea mkono begani. Halafu soda na mkate. Wimbo huuanzisha mimi. Naipenda siku hiyo. Nimeona akina mama wenye roho ngumu wakilia kama watoto.

Wiki hiyo mjukuu wangu hakugusa mihogo yake. Nikamuuliza ana nini.

"Shosho, wanasema nitaangusha darasa. Eti penseli moja isipoombewa, hata zingine maombi hayashiki. Wananiita nuksi."

"Na wewe unataka kwenda mbele?"

Akatikisa kichwa. "Sitaki. Lakini pia sitaki kuitwa nuksi."

Nikavaa leso, nikaenda kwa mwalimu mkuu. Ni mtu wa heshima, alinipa kiti. "Mama, hakuna mtoto atakayelazimishwa. Wako atakaa kwenye benchi lake." Nikarudi nimeridhika.

Siku yenyewe mtoto aliketi kando yangu na hijabu yake nyeupe, ameishika leso yangu. Nikaanzisha wimbo, wazazi wakaudaka. Mchungaji akafungua chupa ya mafuta. Ndipo mtoto akanivuta.

"Shosho, penseli yangu iko kwa beseni."

Kumbe mwalimu wao wa darasa, akitafuta amani, alikuwa amezikusanya zote asubuhi. Aliona mtoto akikaa na penseli ikienda, pande zote zitakuwa zimeridhika. Hakukusudia ubaya.

"Ikipakwa utaandika nayo?"

"Nitaiogopa," akasema.

Nikaukata wimbo katikati ya ubeti, jambo ambalo sijawahi kufanya maishani. Nikaenda mbele, nikatia mkono kwenye beseni. Ya kwake niliijua, nilikuwa nimeifunga uzi mwekundu wa kushonea kwa sababu kwetu penseli zinapotea. Mafuta yalikuwa hayajaifikia. Nikaitoa, nikaichomeka kwenye kitambaa cha kichwani.

Nyuma mama mmoja akasema, bila kujificha, "Si huyu ni wa kanisa? Amesilimu leo?"

"Mwache," mwenzake akamjibu, "ni mihogo imempanda kichwani."

Watu wakacheka. Hata mimi ilibaki kidogo nicheke. Mwalimu mkuu alikuwa anatazama viatu vyake.

Mchungaji hakucheka. Alinishika kiwiko, chupa iko mkono wa pili, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, wewe ndiwe unatuanzishia wimbo. Ukimficha wako, hawa wengine watasema nini? Ni tone moja tu, hata si ubatizo. Huko ni kumkana Yesu mbele ya watu. Kama huwezi, basi akina mama watafute mwingine wa kuanzisha."

Hapo alinigusa penye kidonda. Nyumba ni ya kukodi, kiwanja sina. Sauti ndiyo mali yangu, na kanisani ndiko inakojulikana. Nikageuka nimwone mtoto. Alikuwa ameshikilia ukingo wa benchi kwa mikono miwili, darasa zima limemgeukia, na yeye haangalii darasa. Ananiangalia mimi.

Nikamrudia mchungaji. Sikupandisha sauti, lakini niliitoa kama ninavyoitoa kanisani, ifike mpaka langoni.

"Mtoto ana dini ya babake. Mimi nampikia, simbatizi."