Swali la Mama Msasa

Kanisa lao lilikuwa dogo, la paa la bati na madirisha sita, lakini lilikuwa na utaratibu mmoja uliowatoa wanaume jasho kuliko mahubiri yote ya mwaka. Mwanamume akichaguliwa kuwa mzee wa kanisa, hawekewi mikono mpaka mkewe asimame mbele ya watu wote aulizwe swali moja tu: je, mume huyu anakupenda kama Kristo alivyolipenda kanisa? Akijibu ndiyo, mikono inawekwa. Akijibu bado, au akinyamaza, bwana anarudi kwenye benchi lake kungoja mwaka mzima. Swali linaulizwa mara moja, halirudiwi. Wapo waliorudi benchini mara mbili, na mmoja alihamia kanisa jingine akasingizia umbali, ingawa huko alikohamia ndiko kulikokuwa mbali zaidi.

Mwaka huo zamu ilikuwa ya seremala mmoja aliyeitwa Msumari, na wa kuulizwa alikuwa mkewe, Mama Msasa.

Tusifichane, mama wa watu alifurahi mpaka akawa hakai chini. Tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumwuliza jambo mbele ya watu, na jibu lake likawa ndilo la mwisho. Wiki nzima alikuwa akifagia karakana huku akijibu kwa sauti, mara "ndiyo" ya upole, mara "ndiyo" ya kishindo, na kila akimaliza anaanza upya. Maana kulikuwa na jibu la pili ambalo hakulifanyia mazoezi, na hilo lilikuwa linakuja lenyewe bila kuitwa.

Huyo Msumari si mtu mbaya, na atakayesema hivyo ni mwongo. Hanywi, hapigi, hana maneno ya mtaani, na kazi anaipiga kweli kweli. Milango yake inafunga vizuri hata msimu wa mvua. Jina lenyewe alipewa na wateja kwa sababu neno lake likishagongwa halichomoki. Akisema kitanda kitakuwa cha futi tano, hata mwenye kitanda akilia, ni futi tano.

Biblia yake ilikaa karakanani, kwenye rafu, katikati ya kopo la gundi na kopo la skrubu, imejaa vumbi la mbao. Katika barua ya Paulo kwa Waefeso, pale mtume anapowaambia wake wawatii waume zao, alikuwa amepiga mstari kwa ile penseli yake bapa ya kupimia mbao. Alipiga mara tatu, karatasi ikakaribia kutoboka. Pale chini yake, waume wanapoambiwa wawapende wake zao hata kujitoa kwa ajili yao, na maneno yenyewe ni mengi kuliko ya wake, karatasi ilikuwa safi.

"Na hii ya chini je, baba watoto?" Mama Msasa alimwuliza siku moja.

"Hiyo inajieleza yenyewe," Msumari akajibu, akaendelea kupiga randa.

Yeye mama hakuzaliwa na msasa mkononi. Alikuwa fundi cherehani, tena si wa kubahatisha. Alishona magauni ya maharusi na vitambaa vya makochi, na watu walikuja kutoka mitaa ya mbali wakimwulizia yeye. Cherehani yake aliachiwa na mama yake mzazi, na aliingia nayo kwenye ndoa. Kisha siku moja, miaka minane nyuma, alirudi kutoka kumwuguza dada yake akakuta meza iko tupu, na karakanani mashine mpya ya randa inanguruma.

"Cherehani yangu iko wapi?"

"Nimeiuza, tukaongezea tukapata hii. Hii ndiyo itakayotulisha sote. Mimi ndiye kichwa cha nyumba, nimeamua." Akamkabidhi karatasi ya msasa. "Wewe una mkono mwepesi. Utakuwa unasugua."

Akasugua. Akasugua vizuri hivi kwamba wateja walipapasa meza wakatabasamu, wakamwita Mama Msasa, na jina hilo likapendwa na wote isipokuwa mwenyewe. Hakugombana. Yeye naye alikuwa mtu wa Neno, na kumheshimu mumewe hakukuwa maigizo. Alimheshimu kweli, na akiwa hayupo alimsifu. Lakini Msumari hakuwahi kumwomba radhi, na kila randa ilipowashwa asubuhi aliikumbuka cherehani. Miaka minane, asubuhi ni nyingi.

Alhamisi Mchungaji alipita karakanani kuwaandaa. Msumari alikuwa ametoka kununua tai. Mchungaji alikalia kiti kisicho na mgongo, akaeleza utaratibu tangu mwanzo, ingawa hata watoto waliujua.

Mama Msasa akaweka msasa chini. "Mchungaji, nikuulize. Mimi nimeagizwa kumtii mume wangu. Sasa, utii huo unanitaka niseme ndiyo?"

Mchungaji akasogeza kiti karibu. "Utii haujawahi kumtaka mtu aseme uongo, mama. Tunakuuliza wewe kwa sababu hakuna mwingine anayejua. Ingekuwa ni kumsifia, tungewauliza wateja."

"Na nikisema bado, si nitakuwa nimemvunjia heshima?"

"Ukimwacha asimame juu ya uongo, hiyo nayo utaiita heshima?"

Akaondoka na vumbi la mbao kwenye suruali.

Ijumaa Msumari akageuka mtu mwingine. Aliosha vyombo, akavunja sahani mbili na mpini wa kikombe. Akapiga pasi sare za wanawe, shati moja likabaki na alama ya pasi mgongoni. Kila akipita anasema, "Malkia wangu, umechoka? Kaa, kaa!" mpaka binti yao wa kwanza akamwuliza mama yake kama baba ni mgonjwa. Mama Msasa alicheka mpaka mbavu zikamuuma, na huku anacheka alikuwa anangoja. Alikuwa anangoja neno moja tu. Alimwona Msumari mara mbili akifungua kinywa akitazama ile meza ya zamani ya cherehani, ambayo sasa inawekewa makopo ya rangi. Mara zote mbili alikifunga, akaenda kufagia uani, mahali palipokwisha kufagiwa.

Jumamosi akaja wifi yake, dada yake Msumari, mwanamke wa maneno mengi na roho nzuri.

"Wifi, neno lenyewe silabi mbili tu. Ndi-yo! Nimeshashona nguo. Nimeshawaalika watu wa kazini kwangu."

"Na kama si kweli?"

"Hee! Kwani mumeo anakunyima nini? Wenzako wanalia, wewe unaoshewa vyombo!"

"Nimeoshewa vyombo tangu jana, wifi."

"Basi ndiyo mwanzo huo, usimkatishe tamaa kaka yangu!"

Ukweli ni kwamba Mama Msasa alitaka kusema ndiyo kuliko mtu yeyote. Alimwona mumewe mbele ya kioo akijaribu tai, anavuta pumzi, anakohoa kizee, na akampenda mpaka macho yakalowa. Kumnyima mtu wa namna hiyo kitu anachokitamani hivyo, mbele ya mtaa mzima, ilikuwa kazi nzito.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama kwenye madirisha. Wifi alikuwa benchi la pili, nguo inang'aa, watu wake wa kazini wamejipanga pembeni yake. Msumari alikaa mbele kabisa pamoja na wazee, kidevu juu. Nyimbo zilipigwa na kuimbwa hadi bati likatetemeka. Kisha Mchungaji akainua mkono, pakawa kimya.

"Mama, simama."

Mama Msasa akasimama.

"Je, mume wako anakupenda kama Kristo alivyolipenda kanisa, akajitoa kwa ajili yake?"

Ile ndiyo ya kishindo aliyoifanyia mazoezi wiki nzima alikuwa nayo ulimini. Akamtazama Msumari. Msumari akatabasamu, na katika tabasamu lile mama wa watu akaona kwamba akisema ndiyo leo, lile jambo halitatajwa tena mpaka kifo. Akapiga moyo konde.

"Bado, Mchungaji. Ni mume mwema. Lakini bado."

"Wifi!" sauti ilitoka benchi la pili kama mtu aliyekanyagwa.

Kanisa likavuma. Kiongozi wa wazee akamwinamia Msumari, akidhani ananong'ona, kumbe wote wanamsikia: "Mwenzetu, wewe si ndiye kichwa? Mwambie mkeo huenda hakulisikia swali. Mwambie afikiri tena."

Msumari akainuka. Tai ilikuwa imempinda na shingo imemvimba, na waliomjua walijua neno likitoka hapo halitachomoka. Mama Msasa akafumba macho.

"Amelisikia," Msumari akasema. "Amelisikia vizuri sana, na amejibu vizuri. Asilaumiwe."

"Niliuza cherehani yake. Ya mama yake. Hakuwepo, alikuwa anauguza. Sikumwuliza, na aliporudi nikamwambia mimi ndiye kichwa. Ndugu zangu, nimeosha vyombo tangu Ijumaa ili nisilitaje jambo hili. Nimevunja sahani mbili!"

Kuna waliocheka, kisha wakaona yeye hacheki, wakaacha.

"Nilisoma maneno ya mke wangu miaka yote, yangu nikayaruka. Mke wangu, nimekukosea. Nisamehe. Sina haraka ya jibu." Akageuka kwa Mchungaji. "Ondoeni jina langu. Si kwa mwaka huu tu. Liondoeni, nami sitadai lirudishwe."

"Kaa chini, bwana, usiharibu!" kiongozi wa wazee akamvuta koti.

Hakukaa. Alitoka benchi la mbele, akapita katikati ya watu hadi upande wa wanawake, hadi kwa mkewe. Akaketi hapo, magoti yamebanwa, kati ya mkoba wa mke na mtoto wa jirani. Alikuwa amekitamani kile kiti cha mbele miaka sita. Kila mtu mle ndani alijua hivyo, na aliyejua zaidi ni yule aliyekuwa bado amesimama.

Mchungaji akafungua kitabu cha nyimbo. "Basi, wapendwa, tuimbe..."

"Mchungaji," Mama Msasa akasema, "niulize tena."

"Mama, unaujua utaratibu. Swali ni mara moja."

"Basi nitajibu bila kuulizwa!" Na hapo ikatoka ndiyo ambayo hakuifanyia mazoezi hata siku moja, imechanganyika na kilio na kicheko, wa dirishani wakaisikia. "Ndiyo! Leo mume wangu amenipenda hivyo. Nimeona kwa macho yangu, na ninyi mmeona. Ndiyo!"

Loo, kanisa lililipuka! Vigelegele vilitoka pande zote. Wifi alipanda juu ya benchi na nguo yake mpya, watu wa kazini wakimshika asianguke, ingawa nusu yao hawakuwa wameelewa lolote. Wazee wakainamiana wakateta. Kiongozi wao akaja mbio kwa Mchungaji, mikono hewani, eti jibu limepatikana, mafuta ya kumpaka yapo, mtu yupo, nini tena? Mchungaji akafuta miwani yake, akaivaa, akawatazama wawili wale.

"Haijawahi kutokea," akasema. "Lakini utaratibu tuliuweka sisi, haukushuka mbinguni. Msumari, njoo mbele tukuwekee mikono."

Msumari akanyanyuka nusu. Uso wake wote uling'aa, mguu mmoja ukatangulia kuelekea mbele. Kisha akasimama hapohapo. Akarudi akaketi, akamgeukia mkewe, na mbele ya kanisa zima, wazee na watoto na wa madirishani, akamwuliza:

"Wewe unaonaje?"

Miaka kumi na sita ya ndoa. Vitanda, watoto, nyumba, mashine, vyote vilipita bila maneno hayo mawili. Mama Msasa akafikiri kweli kweli, maana ameulizwa kweli kweli.

"Naona tungoje," akasema polepole. "Ulichokianza leo, nataka ukizoee kwanza nyumbani, mimi na wewe. Halafu mwakani waniulize, na nitakuwa tayari."

Msumari alivuta pumzi ndefu. Ilimwuma, kila mtu aliona. Kisha akatikisa kichwa kukubali, akamtazama Mchungaji bila kusimama.

"Tumeamua mwakani," akasema.