Watu Aliowaacha Kiilu

Kiilu alipofariki, mkewe Wavinya aliachiwa mbuzi, shamba la mawemawe upande wa Ikutha, jengo lisilo na paa, na wanaume wanne waliotoka jela. Mbuzi na shamba alivizoea. Wanaume hakuwahi kuwataka.

Mumewe alikuwa mchungaji wa kanisa dogo, na kwa miaka mingi alikuwa akienda kuhubiri gerezani. Huko ndiko alikopata wazo lake. Alisema mtu akimaliza kifungo anafika kwao na kukuta ndugu wamemfungia mlango, anatangatanga, na baada ya muda anarudi alikotoka. Yeye angejenga mahali ambapo mtu wa namna hiyo angekaa, alime ndengu, afuge mbuzi na nyuki, afyatue matofali, ale jasho lake bila kungoja msaada wa mtu. Wavinya alimwuliza, "Na mimi nitalala wapi?" Kiilu akacheka, akidhani ni mzaha.

Kati ya wale wanne kulikuwa na Guled, aliyewahi kuendesha lori lililobeba mali ya wizi, na vijana wawili kutoka Zombe waliovunja maduka. Hao Wavinya angeweza kuwavumilia. Aliyemnyima usingizi ni Mutie. Mutie alimuua ndugu yake kwa panga wakigombania mpaka wa shamba, huko Makueni, si mbali na alikozaliwa Wavinya mwenyewe. Habari hiyo aliisikia kwa dada yake kabla hajamwona Mutie kwa macho. Na Mutie hakuwa mtu wa kelele. Alikuwa na mikono mikubwa, akisema maneno machache kwa sauti ya chini. Angekuwa mgomvi, Wavinya angejua ni saa gani ya kujihadhari. Kwa mtu kama huyo, kila saa ilikuwa ya kujihadhari.

Baada ya mazishi kila mtu alingoja awafukuze. Dada yake alimpigia simu kutoka Kibwezi, ng'ambo ya mto Athi. "Ukiendelea kukaa na hao watu, tutakuja kukuzika na wewe."

"Najua," Wavinya akasema. "Kesho nitawaambia."

Asubuhi akaenda kwenye jengo. Aliwakuta wakikoroga saruji ya tangi la maji. Akasimama mbali, na kabla hajapata neno la kuanzia, Mutie akaweka sepetu chini.

"Mama, tunajua umekuja kutuambia tuondoke," alisema. "Tutaenda. Lakini mvua iko karibu, na tukiliacha tangi hivi litapasuka. Turuhusu tulimalize. Maji yatakuwa yako, si yetu."

Wavinya alitaka kukataa. Akatazama ile mikono, akasema sawa. Baadaye, akina mama wa kanisa walipomsifu kwamba ana moyo wa huruma, hakuwaficha. "Niliogopa kumkatalia," aliwaambia.

Siku zilizofuata aliishi kama mtu aliyefungiwa na nyoka chumbani. Chakula chao alikiweka juu ya jiwe, akaondoka kabla hawajafika. Alifunga pilipili ya unga kwenye pindo la leso yake, ya kumrushia mtu machoni. Alijifunza kutambua hatua za kila mmoja. Siku Mutie alipocheka kwa sababu ya jambo fulani alilolisema Guled, Wavinya alishtuka akamwaga maziwa, maana hakuwahi kumsikia akicheka na hakujua sauti hiyo inatoka kwa nani. Kila jioni alikusanya panga, shoka na sururu, akavifungia chumbani mwake. Mwishowe alikuwa akilala juu ya vifaa vyote vya kazi, na hata hivyo usingizi haukuja.

Tangi likakaribia kwisha. Hapo ndipo alipokuja Ben.

Ben alikuwa mdogo wake Kiilu, na shamba lile alikuwa akilitamani tangu zamani. Alikuja alasiri, na nyuma yake wanaume wa sokoni wenye fimbo. Wavinya alikuwa akichuma ndengu. Upande wa pili Mutie alikuwa akikata miiba kwa panga, ya kuziba ua wa mbuzi.

"Shemeji, leo hawa watu wanatoka," Ben alisema. "Hii ni shamba ya baba yetu. Hakutuachia ili ilishe wauaji."

Hakungoja jibu. Alienda kwenye mpaka, akaanza kung'oa mkonge alioupanda Kiilu.

Mutie akageuka. Akaanza kutembea kuelekea mpakani, polepole, na panga lilikuwa bado mkononi.

Wavinya aliyaona yote kwa mara moja: mpaka, panga, mtu na ndugu wa mtu. Alijua kwamba jambo lile la Makueni linarudi, na safari hii litatokea mbele ya macho yake. Ben naye alikuwa ameona. Alisimama na mkonge mkononi, lakini watu wake walikuwa wakimtazama na hakuweza kurudi nyuma.

Wavinya alitaka kukimbia. Alikwisha kuchagua hata njia ya kupitia. Badala yake akajisikia akisema, "Mutie. Hiyo panga ni yangu. Nipe."

Akamwendea akiwa amenyoosha mkono. Mutie alimwangalia kama mtu aliyeamshwa ghafla. Kisha akaligeuza panga, akampa upande wa mpini. Akakaa chini katikati ya ndengu, akaibana mikono yake katikati ya magoti.

"Umejionea mwenyewe alivyo," Ben alisema.

"Nimeona. Sasa nenda nyumbani, Ben. Ukitaka shamba, tuonane kwa chifu."

Walipoondoka, Mutie hakuinuka.

"Mama, ulifikiri nitamkata?"

"Ndiyo."

"Hata mimi. Sikujua nitafanya nini. Nimeiogopa siku kama hii tangu nitoke. Jioni ukishazifungia panga, hapo ndipo napata usingizi."

Wavinya alibeba lile panga na kapu lake la ndengu, akaenda nyumbani, akafunga mlango na kulia.

Kwa chifu, wazee wa ukoo walisema sehemu ile ilikuwa ya Kiilu, na sasa ni ya mjane wake. Ben hajamsemesha tangu siku hiyo. Wavinya hakuwafukuza wale wanaume, wala hakuwahi kutangaza kwamba wabaki. Mvua ilinyesha, tangi likajaa bila kuvuja, na mabati yakapanda juu ya jengo. Kijana mmoja wa Zombe alitoroka na paneli ya sola ya kanisa, na kwa muda mrefu Wavinya aliona haya kwenda ibadani. Lakini waliobaki wanakula ndengu na maziwa yao wenyewe, na asali na matofali yao yanauzwa mpaka mjini Kitui. Guled ndiye mkubwa wa mbuzi. Mutie anajenga. Mapanga bado yanalala chumbani kwa Wavinya.

Hofu haijamtoka. Inapungua akimzoea mtu, halafu analetwa mwingine kutoka gerezani.

Wiki iliyopita bodaboda ilimshusha mwanamume mzee mwenye mfuko wa plastiki. Pale barabarani hakuna geti, ni nafasi tu kati ya miti miwili ya miiba. Mzee akafika kwenye nafasi hiyo akasimama, mikono imenyooka ubavuni, akingoja. Wavinya alimwangalia kutoka jikoni kwa muda mrefu, mpaka akaelewa kwamba mzee, kama alivyozoea gerezani, hatapita bila mtu kumwambia apite.

Akajifuta mikono kwa leso, akatoka nje.

"Ingia, baba," alisema. "Hapa ni wazi."