Jiko Lililopanda Mlima Miaka Sita

Hallgeir alikuwa fundi wa madohani kwa miaka thelathini na moja. Hakuna nyumba bondeni kwao ambayo hakuwahi kupanda paa lake, na hakuna mtu aliyewasha jiko lenye bomba bovu akasalimika na ulimi wake. Siku aliyostaafu watu walimpa keki, saa ya ukutani na makofi. Yeye akaenda kujinunulia pikipiki ya theluji.

Sasa, kule kwao pikipiki ya theluji si kitu cha kuchezea. Sheria inataka uwe na shughuli: unapeleka mzigo kwenye kibanda chako cha mlimani na kibali cha halmashauri unacho mfukoni. Ukiendesha kwa raha zako tu, faini. Kwa hiyo bonde zima, watu wazima wenye akili zao timamu, waliamua kuwa na mizigo. Oddmund, jirani yake, alikuwa na ubao mmoja wa msonobari ambao amekuwa akiusafirisha tangu binti yake yuko darasa la kwanza. Binti sasa ameolewa, na ubao umelainika hadi unang'aa. Hallgeir alikuwa na jiko.

Lilikuwa jiko la kuni la chuma, kilo themanini, halijawahi kuona kiberiti. Jumamosi lilipanda mlima likiwa limefungwa kamba kwenye sleji, kigari cha kuteleza juu ya theluji, nyuma ya pikipiki. Jumapili lilishuka. Mwaka wa kwanza alisema mlango wake unafungukia upande usiofaa. Wa pili, miguu haijalingana. Wa tatu alieleza habari za kipenyo cha bomba mpaka karani wa halmashauri akagonga muhuri ili apumzike. Huu ulikuwa mwaka wa sita. Dohani lilisimama juu ya paa la kibanda, zuri, kazi ya mikono yake mwenyewe, na halikuwahi kutoa moshi hata wa sigara.

Na mavazi! Alianza kuvaa saa moja asubuhi, akamaliza saa mbili. Nguo za ndani za sufu, ovaroli nyeusi yenye mistari ya kung'aa na pedi za magoti, viwiko na mgongo, soksi ya kichwani iliyoacha macho peke yake, helmeti, miwani ya upepo, glavu ndefu, mabuti mazito. Akishamaliza hakuweza kuinama, hivyo mabuti alifungiwa na mkewe, Borghild. Ovaroli hiyo ilihimili baridi ya nyuzi arobaini chini ya sifuri, na Hallgeir alizihitaji zote, kwa kuwa kibandani hapakuwa na moto. Alikaa mezani amejifunga zipu hadi kidevuni, anakunywa kahawa ya chupa, anasifu utulivu wa mlima.

Borghild alifuata kwa skii, mbao mbili za kutelezea zilizofungwa miguuni, kilomita tisa za kupanda. Sleji ilikuwa ya jiko, na kiti cha nyuma kikikaliwa, Hallgeir alisema, pikipiki itazama. Alifika saa mbili nzima baada ya jiko, goti limevimba, akavua koti lililolowa jasho kisha akalivaa tena kwa baridi. Alichotaka kilikuwa kidogo mno: afike mahali penye moto. Mke wa fundi madohani! Ilikuwa aibu, na bonde zima lilijua ni aibu, ila kila mmoja alikuwa na ubao wake wa kuficha.

"Lifunge basi mwaka huu, Hallgeir," alimwambia Jumamosi moja ya Machi, akimkazia buti. "Goti langu limefika mwisho."

"Bado bomba la kiwiko, Borghild. Kiwiko ndicho kila kitu."

"Si umeshafunga mia tatu bondeni humu?"

"Hayo ya watu. Hili ni letu. Unataka nilipue kazi?"

Njiani Hallgeir alisimamishwa na Aslaug, mkaguzi mpya wa vibali vya mlimani, mwanamke aliyehamia majuzi na ambaye hakuna aliyekuwa amemfundisha kufumba macho. Aslaug alisoma kibali, akalitazama jiko, akasoma tena.

"Mzee wangu, hiki ni kibali cha kupeleka jiko."

"Ndiyo nalipeleka."

"Wiki jana nilikukuta unashuka nalo."

"Nilikuwa nalirudisha."

"Ulilirudishia nini?"

"Ili nilipeleke."

Aslaug hakucheka. Mbele kidogo akamkuta Borghild ameketi juu ya theluji akilikanda goti lake, na hao wawili wakaongea kupita salamu.

Jumamosi iliyofuata Hallgeir aliacha sleji mlangoni mwa kibanda, akavuka ziwa lililoganda kwenda kibandani kwa Oddmund kuonyesha helmeti mpya yenye kioo cha kupashwa joto kwa umeme. Walikuwa wameshika vikombe wakati Oddmund aliponyoosha kidole.

"Hallgeir, ule moshi si wa kwako?"

"Wa kwangu wapi? Kwangu hakuna ji..."

Aliruka kwenye pikipiki akiamini kibanda kinaungua. Alipofungua mlango alikuta jiko limesimama mahali pake, linanguruma. Borghild amekunja suruali, goti wazi mbele ya moto. Aslaug anakula keki bapa ya waffle kwa jibini ya kahawia. Hallgeir, bila hata salamu, alipitisha mkono kwenye maungio ya bomba akitafuta kasoro. Hakuikuta. Mkewe alikuwa amesikiliza mahubiri ya mabomba mezani kwake miaka thelathini na moja, na kiwiko cha bomba alikipandisha mlima ndani ya begi lake la mgongoni.

"Vua hiyo ovaroli, utaiva," Borghild alisema.

"Sivui. Kesho nashuka nalo."

"Hushuki nalo, mzee wangu," alisema Aslaug, akiandika. "Kibali kilikuwa cha kupeleka. Limefika."

Hallgeir aliketi, jasho linamtiririka. Hakuwa akililia jiko. Alikuwa akizililia Jumamosi zake zote zilizobaki, na alizipenda kuliko alivyowahi kumwambia mtu. Kisha uso ukamchangamka.

"Jiko linataka kuni. Kuni nazo ni mzigo!"

"Mzigo kabisa," Borghild alisema, akatoa karatasi yenye muhuri mpya. Kuni, safari kumi na mbili. Dereva: Borghild.

"Wewe?"

"Leseni ninayo tangu sijakujua. Na hiyo ovaroli nitaihitaji. Vua."

Wiki iliyofuata Hallgeir alikuwa kwenye kilomita ya tano, juu ya skii zake za ujana, amevaa sweta, pumzi zinamkatika, pikipiki ilipomfikia kutoka nyuma. Ilipunguza mwendo, ikasimama. Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu. Alianza kufungua skii, moyo umejaa shukrani ambayo hakuwa ameisikia kwa miaka mingi.

"Unafanya nini?" Borghild aliuliza, akiinua miwani.

"Napanda."

Borghild alitoa kibali mfukoni mwa ovaroli, akakisoma taratibu kutoka juu hadi chini, kisha akakikunja.

"Hapa pameandikwa kuni, Hallgeir. Mume hajaandikwa."