Mkia wa Ng'ombe Kwenye Gitaa la Baba

Ngozi mbichi ya ng'ombe ikilowekwa hutoa harufu ambayo sijui nimweleze vipi mtu wa mjini. Haifikii kuwa uvundo, lakini hakuna atakayeiita harufu nzuri. Ina jasho la mnyama ndani yake, maziwa yaliyochacha na udongo wa zizini. Mpaka leo nikipita karibu na machinjio miguu yangu husimama yenyewe, na ghafla nipo tena katika tembe letu la Ihumwa, nyumba ndefu ya miti na udongo yenye paa bapa, enzi za utawala wa Mjerumani, vita vikiwa vimekwisha kuanza. Tulikuwa wawili tu katika nyumba ile, mimi na Bibi, mama yake baba. Wa tatu lilikuwa gitaa lililoning'inia kwenye nguzo, mbali na moshi wa jiko.

Baba alilipata gitaa hilo wakati wa ujenzi wa reli. Alikuwa akibeba mawe ya tuta chini ya msimamizi mmoja Mgiriki, na Mgiriki huyo alipougua homa, baba ndiye aliyemuuguza mpaka alipopakiwa kurudishwa pwani. Hakuwa na kingine cha kumwachia ila hilo gitaa. Sisi tuliliita zeze la Mgiriki. Neno gitaa nimelijua nikiwa mtu mzima. Kwa kuwa baba alipiga zeze la kwetu tangu ujana wake, hakusubiri kufundishwa. Alizikaza nyuzi na kuzilegeza mpaka zikakubali nyimbo za Kigogo, na uliokuwa ukitawala zote ni wimbo mmoja wa kupuria mtama, ambao Bibi mwenyewe alikuwa akiuimba enzi za nguvu zake. Hata hivyo Bibi hakulipenda gitaa lenyewe hata kidogo. Alisema linalia kama mbuzi aliyesahauliwa kwenye kamba, na baba alicheka tu akaendelea kupiga.

Kisha askari walipita wakikusanya wanaume wa kubeba mizigo ya vita, na baba akawa mmoja wao. Asubuhi ile alilishusha gitaa, akalikaza uzi mmoja mmoja huku ameinamisha kichwa, akalirudisha kwenye nguzo. Akaniambia, kwa jina alilozoea kuniita mimi binti yake, "Mama, hivi vigingi vya kukazia nyuzi usiviguse. Nimeliacha hivi nilikute hivi." Akamuaga Bibi, akaondoka. Mama yangu mzazi alikuwa amefariki ningali nanyonya, na majirani wenye ng'ombe walikuwa wamehamia porini kuelekea Chamwino ili mifugo yao isichukuliwe, nao wakaenda na watoto wao. Sikuwa na wa kucheza naye. Bibi alikuwa mtu wa maneno machache, na machache yenyewe aliyatumia kwa kuku. Nilikuwa mpweke, na sikujua kama hali hiyo ina jina. Nilidhani ni njaa, nikawa naomba ugali wa uwele na mlenda, kisha nashindwa kuumaliza. Kila alasiri nilisimama chini ya nguzo nikazigusa nyuzi zote sita kwa kidole kimoja, kuanzia ule mnene hadi ule mwembamba. Vigingi sikuvigusa. Sauti ile ilikuwa kama baba alivyoiacha, na kwangu ilikuwa ndiyo baba.

Kiangazi kilipopamba moto, upepo wa kwetu, ule unaokausha midomo na kupasua visigino, uliingia mpaka ndani ya mbao. Siku moja mchana, sote wawili tukiwa tumekaa tunachambua mboga, tulisikia mlio mkavu, ta! Tulipoangalia, kichwa cha gitaa kilikuwa kimepasuka kutoka kwenye shingo kupitia katikati ya vigingi, kimeinamia mbele, na nyuzi zimelegea zote. Hakuna aliyekuwa amelisogelea. Bibi aliziba mdomo kwa kiganja. Kwa imani yake, chombo cha msafiri kikivunjika chenyewe, mwenye chombo yuko mashakani. Mimi sikuwaza mbali hivyo. Nilinyoosha kidole nikagusa uzi mnene, nao haukutoa sauti yoyote, nikalia kuliko siku baba alipoondoka.

Bibi aliyelichukia gitaa ndiye aliyesema litengenezwe. Alichemsha gundi ya mti wa mgunga, akaimimina kwenye ufa, akalikaza kwa kamba. Kamba zilipofunguliwa ufa ukafunguka nao. Akasema hapa panataka mkia. Wafugaji wanajua: mpini wa shoka ukipasuka, unachuna mkia wa ng'ombe aliyekufa karibuni, ngozi inatoka nzima kama mfuko mwembamba, unaivisha mahali penye ufa ingali mbichi. Ikikauka inabana kuliko chuma. Tukasubiri ng'ombe afe. Nasema hivi bila aibu. Mimi mtoto niliwatazama ng'ombe wachache waliosalia kijijini nikiwachagua kwa macho. Hatimaye dume mmoja alikufa kwa kiu upande wa relini, na watu wakakimbilia na visu. Wengine walirudi na minofu mabegani. Bibi, ambaye hakuwa ameonja nyama tangu mavuno, alirudi na mkia. Njiani walimcheka, wakasema uzee umempanda kichwani.

Ngozi ikiwa imelowekwa, niligundua jambo. Mpini wa shoka hauna vigingi. Nikamwambia Bibi kwamba ngozi ile itafunika kichwa chote, na ikikauka hakuna kigingi kitakachozunguka tena. Bibi alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama jua linachomoza. "Kwani baba yako hakusema visiguswe?" alisema. "Basi tukivifunga, nani atavigusa?" Nilielewa kwamba sauti tutakayoifungia humo ndani ndiyo itakayobaki, na mtu pekee aliyekuwa akiikumbuka ni mimi. Tulikibana kichwa kwa kamba kwa muda, nikakaza uzi wa kwanza, nikausikiliza, nikaulegeza. Sikuwa na uhakika. Kadiri nilivyojaribu, ndivyo sauti ya baba ilivyozidi kunitoroka, na hofu ikanishika kwelikweli. Hapo ndipo Bibi, akiwa ameshika ngozi inayochuruzika maji, alipoanza kuimba ule wimbo wa kupuria mtama. Aliimba taratibu, kwa sauti iliyokwaruza, akirudia mstari mmoja mpaka nimepata uzi wake, ndipo aende kwenye mwingine. Sikuwahi kumsikia akiimba. Tulipomaliza tulivuta ngozi juu ya kichwa kile kwa mikono minne, tukatoboa penye nyuzi, tukashona kwa uzi wa mshipa wa ng'ombe, tukaliweka kivulini.

Lilipokauka ufa ulikuwa umefumbwa kabisa. Niligusa nyuzi, moyo ukanishuka. Ngozi ilipojikaza ilikuwa imezivuta nyuzi nazo, zote sita kwa pamoja. Wimbo ulikuwa ndio wenyewe, lakini umepanda juu, kana kwamba baba amekuwa kijana mdogo asiyenijua. Bibi alisema ni sawasawa. Nikalirudisha kwenye nguzo.

Baba alirudi mvua zilipoanza, Wajerumani wakiwa bado wapo bomani. Alikuja kwa miguu kutoka stesheni, amekonda, mashavu yameingia ndani. Nilimkimbilia nikamwamkia, akanipita. Nikadhani amenikasirikia kwa ajili ya gitaa. Alipofika kwa Bibi ndipo alipopaza sauti, kubwa isiyo na mahali pake, kama mtu anayeita ng'ambo ya bonde: "Mama, mzinga uliniangukia karibu. Sisikii." Siku zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko za kumsubiri. Zamani hakuwepo na nilijua hayupo. Sasa alikaa pale mlangoni, nami nikaongea na mgongo wake. Alilitazama gitaa, akaipapasa ile ngozi, akapiga mara moja, kisha akalirudisha kwenye nguzo.

Alasiri moja nililishusha mwenyewe. Nilikaa karibu naye nikapiga wimbo wake kwa kidole changu kimoja. Sikutegemea kitu, nilitaka tu aone kwamba halikufa. Aliinama kuangalia ule mshono wa Bibi, akainama zaidi, na taya lake likagusa ngozi. Akatulia. Mkono wake ulinishika kifundo cha mguu ukabaki hapo. "Rudia," alisema. Nikarudia. Alikuwa amelikandamiza taya lake pale, macho ameyafumba, na machozi yanaingia kwenye ndevu. Kisha, bila kufumbua macho, akasema, "Mmelipandisha." Nilicheka na kulia kwa wakati mmoja, kwa sababu kweli tulikuwa tumelipandisha, na yeye alikuwa amesikia. Hakuwahi kusikia nikimwita tena maisha yake yote. Lakini jioni kabla ya giza tulikaa hivyo, taya lake kwenye ngozi, kidole changu kwenye nyuzi, na hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu.

Sasa nyumba yangu ina bati na redio, na wajukuu hawapungui. Wananiamkia kwa kupiga kelele, "Bibi, shikamoo!" kisha wanaendelea na maongezi yao, na midomo yao inakwenda mbele yangu kama ya samaki. Masikio yangu yamezeeka. Nyumba imejaa watu, nami nimerudi kule kule chini ya nguzo. Mjukuu mmoja, fundi wa kupiga gitaa katika bendi moja ya mjini Dodoma, alikuja juzi akaliona la kwangu. Nyuzi zake tumeziunga mara nyingi, ila mkia haujasogea. Aliandika kwa kidole vumbini kwamba ataikata hiyo ngozi, aliwekee vigingi vipya, lipate sauti yake sahihi. Nilimwambia apige kwanza. Nikaegemeza taya langu pale palipopapaswa na baba, ngozi ngumu iliyokuwa laini mahali pamoja tu, penye taya. Ukaja polepole kupitia mfupa, wimbo wa mtama, juu kuliko unavyotakiwa. Kijana aliacha kupiga, akachukua kisu chake, akaningoja niseme.

Nikasema, "Rudia."