Mizani ya Kakao Imemkondesha Mama Yangu

Jamani, mama yangu leo kakonda ghafla hapa Makwale!

Kikundi chao cha akina mama wakulima kilipeleka kakao kwa mnunuzi. Kila msimu wanalalamika mizani yake inawaibia, yeye anasema ni nzima.

Leo mama hakubishana. Akavua kandambili, akapanda mwenyewe.

Kilo sabini.

Na jana zahanati walimpima themanini na mbili, wakamwambia apunguze mwili!

"Ndaga, mwanangu," akamshukuru mnunuzi. "Kumbe daktari ni wewe!"

Wenzake wakapanga foleni. "Na mimi nipunguze!" 😂

Mnunuzi jasho likamtoka. Akaleta mizani nyingine, kakao yote ikapimwa upya.

Mama kagoma kuikanyaga hiyo mpya.

Watu wa Ngonga, ya kwenu inakondesha?